Mlima wanaupenda, siku ndizo hazitoshi

Kila Desemba inapokaribia, vikundi vya Watanzania hukusanyika lango la Marangu kwenda kuadhimisha Uhuru kileleni. Na kila mara lawama ileile hurudi: wageni wanavuka bahari kuja kupanda Kilimanjaro, sisi wenyewe hatuna habari nao. Husemwa kwa masikitiko ya kweli, lakini imejengwa juu ya dhana kwamba kinachopungua ni mapenzi, eti Mtanzania hana desturi ya kutoka nje kutembea kwa raha zake. Dhana hiyo inazaa dawa isiyotibu: matangazo zaidi, mabango zaidi, hotuba zaidi za utalii wa ndani.

Ushahidi wa kuikanusha upo barabarani. Jumamosi au Jumapili kabla jua halijachomoza, simama Mbagala, Temeke au Mwananyamala. Watapita watu wa jogging, fulana za rangi moja, mmoja anaimbisha na wengine wanaitikia, bodaboda inawalinda nyuma. Unguja ni vivyo hivyo. Humo kuna kuli, fundi cherehani, mwalimu, dereva wa daladala, mama mwenye genge. Hakuna aliyewalipa na hakuna bango lililowaita.

Klabu ya jogging inafaulu kwa sababu ambazo wapangaji wa utalii wangefaa kuzisoma kwa makini. Inaanzia mlangoni kwa mtu. Saa mbili asubuhi imekwisha, kwa hiyo anayefungua duka anafungua, na anayepika chai ya watoto anapika. Gharama yake ni fulana na raba. Zaidi ya yote, asiyeonekana wiki mbili anapigiwa simu. Ukifiwa, wenzako wa jogging wanakuja na mchango wao. Ukioa, wanakuja na fulana zao. Mazoezi yamepandikizwa ndani ya chama cha kufaana. Mtu huingia kwa ajili ya kitambi au presha, halafu anabaki kwa ajili ya watu.

Sasa pima mlima kwa kipimo hicho hicho. Kwanza tuondoe suala la kiingilio, maana ndilo hutajwa upesi kuliko yote. Mgeni asiye mkazi hulipa dola 70 kwa kila siku anayokaa Hifadhi ya Kilimanjaro, bado kodi ya VAT, bado malazi. Raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi, na kiasi chake ni sehemu ndogo sana ya hicho. Punguzo hilo lipo miaka mingi. Lingekuwa kiingilio ndicho kizuizi, malango yangekuwa yamefurika zamani. Gharama ya mwananchi imejificha kwingine: mwongozaji mwenye leseni, ambaye ni wa lazima, wagumu wa kubeba mizigo, mpishi, chakula, nguo za baridi, nauli, na juu ya hayo yote, siku.

Hapo kwenye siku ndipo penye uzito. Njia ya Marangu kwa ratiba fupi ni siku tano, na ya busara ni sita. Anayetoka Dar es Salaam aongeze siku moja ya basi kwenda Moshi na moja ya kurudi. Jumla ni nane. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka, zikihesabiwa mfululizo, Jumapili ndani, na sikukuu ikiangukia humo nayo imo. Sheria hiyo hiyo inaruhusu wiki ya kazi ya siku sita na saa 45, ndiyo maana kwa wengi Jumamosi si yao. Nane kutoka 28, nayo hiyo 28 ndiyo ya kwenda kuona wazazi, ya msiba, ya harusi ya mdogo, ya kumpeleka mtoto bweni. Angalia Wachagga wanaopanda mabasi kila Krismasi kurudi Rombo, Marangu, Machame na Kibosho. Wanakaa chini ya mlima wiki nzima, kilele cha Kibo wanakiona kutoka uani, na hawapandi. Siku hizo zina wenyewe: bibi, makaburi, mbuzi, vikao vya ukoo.

Huyo bado ni mwenye ajira. Bodaboda ana hesabu ya kumpelekea mwenye pikipiki kila jioni. Siku nane bila kuendesha ni siku nane za deni, kabla hajanunua hata soksi. Kumwambia mtu huyu "tembelea vivutio vyako" ni kumsemesha bila kumsikiliza.

Uchache wa siku unaleta madhara mengine yanayofika mpaka kwenye mapafu. Lango la Marangu liko karibu mita 1,860. Mandara, unapolala usiku wa kwanza, ni 2,720. Horombo ni 3,720. Kambi ya Kibo, ya mwisho, ni takriban 4,700, na usiku wa manane unaondoka hapo kwenda kilele cha Uhuru, 5,895. Ushauri wa kitabibu unaotumika milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne uwepo usiku wa kupumzika bila kupanda. Ratiba ya siku tano inarusha mita elfu nzima kutoka Mandara hadi Horombo, na nyingine karibu elfu kutoka Horombo hadi Kibo, bila pumziko. Ni mara mbili ya kiasi kinachoshauriwa. Siku ya sita hutumika Horombo: asubuhi unapanda taratibu hadi kwenye miamba yenye mistari kama ya punda milia, unarudi kulala pale pale. Inaonekana siku ya bure, kumbe ndiyo inayoufundisha mwili kuishi na hewa nyembamba. Njia ndefu kama Lemosho, ya siku saba au nane, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, kwa kukupandisha hadi Lava Tower, karibu mita 4,600, kisha kukushusha kulala Barranco, chini ya 4,000.

Sasa nani huchagua siku tano? Ni yule mwenye likizo chache na fedha za kuhesabu. Mgeni aliyekuja kwa ajili ya mlima tu hukata tiketi ya siku saba au nane. Mwenyeji anaomba ruhusa kazini, anapewa wiki, anabana. Akifika kambi ya Kibo kichwa kinagonga, tumbo halishiki chakula, hatua zinayumba. Anarudishwa, na huko ndiko kufanya vizuri, maana anayeyumba akiwa ameketi au akitembea hana dawa bora kuliko kushuka mara moja, hata kama ni usiku. Lakini akirudi mjini anasimulia kwamba mlima ni mgumu, si wa watu kama sisi. Kwa kweli alikosa siku moja ya Horombo. Wapo pia wanaoficha maumivu kwa sababu ofisi imechangia na picha zinasubiriwa. Kiongozi wa kundi la Desemba afanye hili bila aibu: kila jioni amuulize kila mtu, mmoja mmoja na si mbele ya kundi, kichwa kikoje, amekula nini, amekojoa mara ngapi. Akiuliza "mko poa?" ataitikiwa "tuko poa" hata na mgonjwa.

Hata hivyo safari za Desemba zimeleta watu wapya, na si kwa sababu ya uzalendo peke yake, ingawa kumbukumbu ya Luteni Alexander Nyirenda kusimamisha Mwenge na bendera kileleni usiku wa Uhuru wa 1961 ina nguvu yake. Zinaleta watu kwa kuwa tarehe inajulikana mwaka mzima kabla, mwajiri anaielewa, na mtu hendi peke yake. Ndivyo ilivyo hata kwa Kili Challenge, ambayo tangu 2002 inapandisha watu mlimani kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya VVU, na Kilimanjaro Marathon ya Moshi, iliyoanza 2003. Tarehe, kundi, sababu ya kumweleza bosi na mke. Ni jogging ile ile kwa umbo kubwa. Hata intaneti ambayo shirika la simu la TTCL liliifikisha Horombo mwezi Agosti 2022 ina nafasi yake hapa: picha iliyotumwa leo kwa shemeji na majirani humshawishi mtu wa mwakani kuliko tangazo la televisheni.

Nairobi ni mfano mzuri zaidi wa kuona mambo yanavyogeuka siku zikipatikana. Vilima vya Ngong, Longonot, Kilimambogo na safu ya Aberdare vyote vinafikika asubuhi na kurudi jioni. Kati ya tarehe 6 Aprili na 7 Julai 2020 watu wa Nairobi hawakuruhusiwa kutoka wala kuingia jijini kwa sababu ya korona, baa zikafungwa, na waliobaki na mwisho wa wiki mikononi waligundua miguu. Baada ya hapo makundi ya matembezi yalizidi kuota kwenye simu: tangazo Jumatatu, malipo ya M-Pesa kabla ya Ijumaa, gari kuondoka katikati ya jiji alfajiri ya Jumamosi. Wengi wanaojaza viti hivyo ni vijana wa makamo wenye ajira, na wanawake ni wengi kiasi kwamba yeyote anayedai milima ni mambo ya wanaume hajawahi kusimama geti la Longonot saa tatu asubuhi.

Uwepo wa wanawake haukutokana na bahati. Chukua Karura, msitu ulio ndani ya Nairobi. Ulinusurika kunyakuliwa kwa sababu ya Wangari Maathai na wenzake, waliopigwa hadharani Januari 1999 wakiutetea. Lakini kunusurika hakukutosha kuufanya mahali pa kutembelea. Kwa miaka mingi mtu mwenye akili zake hakuingia peke yake, kwa kuogopa vibaka. Ulipozungushiwa uzio wa umeme, ukawekwa askari, vibao vya njia na vyoo, ndipo wanawake walipoanza kukimbia humo peke yao na familia kuleta watoto. Usalama na choo vilitangulia, umati ukafuata. Mpangilio huo haugeuzwi. Ukitaka kujua kwa nini njia fulani nzuri haina wanawake, usianze kuuliza habari za mila. Uliza choo kiko wapi, na kundi linarudi mjini saa ngapi. Safari inayomshusha mwanamke stendi saa nne usiku imemfukuza hata kabla ya kumtangazia bei. Na iwe wazi kwenye tangazo kwamba mavazi ya stara yanafaa: suruali pana ya kitambaa chepesi chini ya gauni linaloishia magotini, mtandio uliobanwa vizuri. Dera refu ndilo la kuachwa nyumbani, kwa kuwa unalikanyaga wakati wa kushuka.

Majini hali ni hiyo hiyo. Huko Nungwi, kaskazini ya Unguja, wasichana waliokulia hatua chache kutoka baharini wamefundishwa kuogelea kupitia mradi wa Panje, wakivaa mavazi yanayofunika mwili. Bahari ilikuwepo siku zote. Kilichoongezwa ni mwalimu na vazi ambalo mzazi hakulikataa.

Dar es Salaam haina Ngong, lakini tangu tarehe 14 Juni 2024 ina treni ya SGR inayofika Morogoro kwa chini ya saa mbili, na daraja la kawaida lilianza kwa nauli ya shilingi 13,000. Kwa mtazamo wetu hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote kwa mtu wa Dar mwenye siku moja, na bado halijatumiwa ipasavyo. Safari ya kuanzia ni Morningside, nyumba ya zama za Wajerumani kwenye mteremko wa Uluguru, kiasi cha mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, wakati mji uko karibu 500. Kupanda ni saa mbili hadi tatu kwa mwendo wa mtu wa kawaida, kupitia mashamba ya Waluguru. Ugumu upo mahali pawili. Stesheni iko Kihonda, nje ya mji, kwa hiyo kundi lipange usafiri wa kwenda mjini kabla halijaondoka Dar, la sivyo saa ya asubuhi yenye ubaridi inaliwa kwenye kupatana na bajaji. Na kushuka lazima kuanze mapema. Huku kwetu giza halina msimu. Mwaka mzima jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu, na Uluguru huvuta mawingu mchana. Saa nane kamili ni ya kugeuka, mmefika au hamjafika. Ongeza mvua ya masika kwenye udongo mwekundu wa huko, na njia iliyopandwa kwa saa mbili inashukwa kwa tatu, watu wakiwa wameketi.

Makundi mengi hufa kwa hesabu ya gari, na hapa waandaaji wachanga huumia. Bei ya Kosta ya viti 28 haibadiliki abiria wakipungua. Ukigawa gharama kwa 28, kisha wakaja 20, umepoteza zaidi ya robo ya fedha ya gari. Ukawa umeahidi chakula na mwongozaji humo humo, utakachokata ni mwongozaji, kwa sababu chakula watu watakiona kimepungua na mwongozaji hawatajua. Ndipo anapotokea mtu mmoja aliyeachwa nyuma kwenye njia panda. Gawa gharama kwa viti 20, kubali malipo kwanza na jina baadaye, na fedha za waongozaji wawili, wa mbele na wa mkiani, zitoke kabla ya zote. Aliye mkiani hapiti mtu hata mmoja, hata kama ni rafiki yake anayefunga kamba za viatu. Watu wakizidi 20, ziada irudi kama maji na matunda. Wataijua na watarudi.

Viatu navyo vina sehemu yao katika kuchuja nani anakwenda. Kiatu kipya cha mlima ni fedha nyingi kwa mshahara wa kawaida, hivyo soko la kweli ni la mitumba: Karume pale Ilala, Memorial Moshi, Gikomba Nairobi. Vipo vizuri, vya viwanda vinavyoheshimika, kwa bei anayoimudu mwalimu. Lakini vina ugonjwa mmoja ambao muuzaji mwenyewe huenda haujui. Tabaka laini lililo kati ya ngozi na soli, kwa viatu vingi, ni la poliyurethani, na poliyurethani huoza kwa unyevu na miaka hata kiatu kikiwa kabatini hakijavaliwa. Kwa nje kinang'aa. Ukitembea nacho saa tatu, soli nzima inabanduka kama ganda la ndizi. Kwa hiyo usikikague kwa macho. Kikunje mara kumi kwa nguvu pale vidole vinapopindia, kisha tazama pembeni ya soli kama pana nyufa ndogo au unga. Bonyeza tabaka hilo kwa ukucha: lirudi kama mpira, likibaki na alama au likimeguka, kiache hata kwa bei ya bure. Kikipita, mpelekee fundi akishone soli kuzunguka kwa uzi wa nailoni, kisha kitembelee mjini wiki mbili. Kichukue kikubwa kwa nusu namba, na ukipime na soksi nene, kwani kwenye mteremko vidole husogea mbele na kucha zinazogonga ngozi huwa nyeusi. Jinzi usivae. Ikilowa haikauki, na upepo wa juu ukiipata inavuta joto la mwili hadi mtu anatetemeka mchana kweupe.

Kuna kundi moja ambalo hesabu zetu za washiriki hulisahau, nalo ndilo linaloujua mlima kuliko sote. Wagumu. Vijana wa Marangu, Machame, Old Moshi na vijiji vya jirani hupanda mara nyingi kwa mwaka wakiwa na mzigo ambao kanuni inataka usizidi kilo 20. Wengi husimamia kambini. Kileleni huenda mwongozaji na mgeni. Mtu aliyefika kambi ya Kibo mara hamsini na kilele cha Uhuru hajafika yupo, na mtoto wake amekua akijua mlima kama mahali ambapo baba hurudi akiwa na magoti yanayouma. Kumwambia mtoto huyo kwamba mlima ni starehe ni maneno matupu mpaka siku atakapoupanda mikono mitupu, baba akiwa pembeni yake, si chini ya mzigo wa mtu. Shule zilizo kwenye miteremko hiyo zina nafasi ambayo za Dar hazina, na gharama ya kuitumia ni ndogo.

Kwa maana mlima una safari ya siku moja, na ni ajabu jinsi inavyotangazwa kidogo kwa wenyeji. Lango la Marangu hadi Mandara ni kama kilomita 8 ndani ya msitu, na njia imetengenezwa vizuri. Ingia saa mbili asubuhi na mwongozaji, lita mbili za maji kwa kila mtu, koti la mvua hata kama mbingu ni safi, maana msitu huo una mvua yake. Baada ya saa tatu au nne mko Mandara. Pumzikeni nusu saa, mle, kisha endeleeni kama robo saa zaidi hadi kreta ya Maundi, ambapo miti inaisha, mnaona nyanda za Kenya upande mmoja na Kibo upande wa pili kama wingu limeachia. Urefu huo bado uko chini ya mita 3,000, kwa hiyo kichwa hakina neno kwa watu wengi. Saa saba na nusu anzeni kushuka. Saa kumi na moja mko getini, na anayefanya kazi Jumatatu yuko kitandani kwake Jumapili usiku.